Makapteni Wawili wa Ziwa Tanganyika

Askari aliye zamuni Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru, anatazama kaskazini kuelekea Pweto. Nyuma yake imo milima ya Marungu, kisha Ziwa Tanganyika. Huko Mpala, mwaka 1887, alifika Kapteni Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, kuilinda misheni dhidi ya wafanyabiashara ya watumwa. Akaoa huko, akazeeka, akafa mwaka 1927. Mwaka 1891 alikuja kumsaidia Kapteni Jacques, Mbelgiji. Huyu alirudi kwao, akasifika katika vita ya 1914, na Brussels ikampa barabara kuu. Aliyebaki na wenyeji miaka arobaini hakubahatika hivyo. Na vijana wa Kiafrika walioshika bunduki za makapteni hao? Majina yao hayakubandikwa kwenye nguzo yoyote ya mji ule.