Rejesta, Jedwali na Kamusi: Historia Fupi ya Uhifadhi wa Data za Utafiti wa Kitabibu Kampala

Uchaguzi wa hifadhidata za utafiti wa kitabibu aghalabu huachiwa wataalamu wa kompyuta, kana kwamba ni suala la kasi na gharama pekee. Makala haya yanadai kuwa namna data inavyohifadhiwa huamua pia maswali ambayo watafiti wa baadaye wataweza kuyauliza. Hoja hiyo inafuatiliwa katika vipindi vitatu vya historia ya Kampala.

Kipindi cha kwanza ni cha karatasi. Rejesta ya Saratani ya Kampala ilianzishwa mwaka 1951 katika Idara ya Patholojia, Makerere. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto 38. Miaka miwili baadaye, O'Conor na Davies waliitumia rejesta kuchunguza saratani za watoto kwa jumla, wakabaini kuwa uvimbe huo na ule wa viungo vingine ni wa jamii moja, yaani limfoma. Ulinganisho huo uliwezekana kwa sababu kumbukumbu za wagonjwa mbalimbali zilikuwa zimewekwa pamoja.

Kipindi cha pili ni cha jaribio la HIVNET 012, lililoanza Mulago mwaka 1997 kuhusu matumizi ya nevirapini kuzuia maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999, lakini kuanzia 2002 utunzaji wa kumbukumbu zake ulitiliwa shaka. Mwaka 2005 jopo la Taasisi ya Tiba ya Marekani lilihitimisha kuwa matokeo yanaaminika, licha ya kasoro za utunzaji. Jopo lilifikia uamuzi huo baada ya kupitia pia kumbukumbu za awali za wagonjwa.

Kipindi cha tatu ni cha mifumo ya kidijitali. Jedwali la kawaida hutenga safu moja kwa kila swali: ni rahisi kuchanganua, ila kila swali jipya hudai jedwali libadilishwe. OpenMRS, iliyoanzishwa mwaka 2004 na ambayo ndiyo msingi wa UgandaEMR, huhifadhi kila uchunguzi kama mstari unaojitegemea, na maana yake hutolewa na kamusi ya dhana. Swali jipya huongezwa bila kubomoa jedwali. Hata hivyo, dhana moja ikiingizwa mara mbili kwa majina tofauti, hesabu hupotoka pasipo mtu kugundua.

Hapo ndipo isimu inapohusika. Neno la Kiganda *omusujja* hutumika kwa homa na kwa malaria pia. *Homa* ya Kiswahili nayo huelekea huko katika mazungumzo ya kila siku. Karani akiingiza msimbo wa malaria pekee, neno la mgonjwa hupotea, na hakuna uchanganuzi utakaolirejesha.

Kwa hiyo, watunga sera wazingatie mambo matatu: maneno ya awali yahifadhiwe kando ya msimbo, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, kila sahihisho liache alama ya nani alilifanya na lini, na kamusi ya dhana isimamiwe na matabibu, wanatakwimu na wanaisimu kwa pamoja. Vifaa vitabadilishwa kila baada ya miaka michache, lakini maana iliyopotea wakati wa kuingiza data haitapatikana tena.