Saratani ya mlango wa kizazi: tafiti za Afrika Mashariki

Saratani ya mlango wa kizazi huanzia sehemu ya chini ya mji wa mimba, panapokutana na uke. Karibu visa vyote husababishwa na virusi vya papiloma (HPV), vinavyoenezwa kwa kujamiiana. Aina mbili tu, ya 16 na ya 18, huleta takriban asilimia 70 ya visa. Harald zur Hausen wa Ujerumani, aliyegundua uhusiano huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Maambukizi mengi huisha yenyewe. Yanayobaki huchukua miaka 15 hadi 20 kugeuka saratani, lakini kwa mwenye VVU asiyetumia dawa huweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu. Ni ugonjwa unaotoa muda mrefu wa kuzuiwa, na bado mwaka 2022 uliua wanawake wapatao 350,000, zaidi ya tisa katika kila kumi wakiwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati.

Chanjo ya HPV ilipoidhinishwa mwaka 2006 ilihitaji dozi tatu. Kwa wizara nyingi za afya hilo lilikuwa gharama kubwa, achilia mbali kazi ya kumpata tena msichana aliyehama shule. Sehemu kubwa ya jibu ilitoka Afrika Mashariki. Utafiti wa DoRIS, Mwanza, uliandikisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, na waliochanjwa mara moja walijenga kingamwili zilizodumu. Ule wa KEN SHE ulifuatilia wasichana na wanawake vijana 2,275 wa Kisumu, Thika na Nairobi; baada ya miezi 18, dozi moja ilizuia asilimia 97.5 ya maambukizi ya kudumu ya aina ya 16 na 18. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliridhia dozi moja, na Tanzania ikaanza kuitumia mwaka 2024. Mchango huu unastahili kutajwa zaidi ya unavyotajwa.

Chanjo, hata hivyo, haimtibu aliyekwisha kuambukizwa; huyo anahitaji kupimwa. Katika zahanati nyingi muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi kwa pamba, husubiri dakika moja, kisha humulika kwa taa: palipobadilika na kuwa peupe panatiliwa shaka, na mara nyingi huchomwa kwa joto siku hiyohiyo. Njia hii ni rahisi, ila inategemea mno jicho la mpimaji. Kwa hiyo tangu 2021 WHO linapendelea kipimo cha vinasaba vya HPV, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Mashine za GeneXpert zilizoletwa kwa ajili ya kifua kikuu zinaweza kukifanya pia, mradi vitendanishi vipatikane.

Chanjo ndiyo iliyopata msukumo; upimaji umeachwa nyuma, na hilo ni kosa, kwa sababu watakaougua miaka hii ni wanawake waliokwisha kupita umri wa kuchanjwa. WHO linashauri wanawake waanze kupimwa wakifikisha miaka 30, na wenye VVU miaka 25.