Jinsi ya kuandaa kompyuta za darasa la usimamizi wa mifumo ya Unix

MSIMAMIZI wa mfumo wa kompyuta ndiye hutafutwa usiku wa manane barua pepe za hospitali zinapokwama au rekodi za chama cha akiba na mikopo zinapokataa kufunguka. Kazi yake haifunzwi ubaoni. Sharti mwanafunzi aketi mbele ya mashine, akabidhiwe mamlaka yote juu yake, akosee, kisha aitengeneze kwa mikono yake mwenyewe.

Kwa sababu hiyo, maandalizi ya darasa la aina hii huwa tofauti na ya maabara ya kawaida ya shule. Katika maabara ya kawaida, mwalimu hufunga kila mlango ili wanafunzi wasiharibu kitu. Katika darasa la Unix, kuharibu ni sehemu ya somo. Anayeliandaa hujitwika majukumu mawili makuu: kuhakikisha kuwa kinachoharibika kinarejeshwa kwa dakika chache, na kuwa uharibifu hauvuki kuta za darasa.

Unix ilibuniwa mwaka wa 1969 katika maabara ya Bell nchini Marekani na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Mifumo endeshi inayofuata nyayo zake, ikiwemo Linux iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991 na FreeBSD iliyozaliwa mwaka wa 1993, ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti. Katika mifumo hiyo mna mtumiaji mmoja mkuu, aitwaye ‘root’, yaani mzizi. Amri yake haipingwi. Akiagiza diski yote ifutwe, itafutwa.

Barani Afrika, mfano bora wa mafunzo haya ni warsha za AfNOG, kikundi cha wahandisi wa mitandao kilichoanza mwaka wa 2000 jijini Cape Town. Warsha hizo zilihama kutoka mji mmoja hadi mwingine, na Nairobi ilikuwa mwenyeji mwaka wa 2006 na tena 2017. Kuhamahama huko kulimaanisha kuwa maabara ilijengwa upya kila mara, kuanzia nyaya hadi seva.

Kukagua mashine

Hatua ya kwanza ni kukagua kompyuta zenyewe. Inafaa ziwe za aina moja, kwani zikitofautiana, mkufunzi atatumia muda wa somo kutatua matatizo ya mashine moja moja. Kumbukumbu ya kila kompyuta ipimwe kwa programu kama Memtest86+, ikiachwa ifanye kazi usiku kucha. Kumbukumbu mbovu huzua hitilafu zisizo na mpangilio, na mwanafunzi hudhani ni yeye aliyekosea.

Kompyuta kuukuu zina ugonjwa mwingine usiotiliwa maanani: betri ndogo ya saa iliyoisha nguvu. Kompyuta huwaka ikiamini kuwa mwaka ni wa zamani. Matokeo yake ni kwamba vyeti vya usalama vya tovuti hukataliwa na kumbukumbu za matukio huandikwa tarehe za uongo. Dawa yake ni kubadilisha betri na kuweka darasani seva moja ya kusawazisha saa za mashine zote.

Nakala mama

Kuweka mfumo kwenye kila kompyuta peke yake ni kupoteza siku nzima. Njia iliyo bora ni kuandaa kompyuta moja kikamilifu, kuijaribu, kisha kutengeneza nakala ya diski yake na kuisambaza kwa nyingine kupitia mtandao. Programu ya bure iitwayo Clonezilla hufanya kazi hiyo.

Hesabu yake ni rahisi. Nakala ya gigabaiti 8 ikipita kwenye mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde huchukua takriban dakika 11, hata mtandao usipopungua kasi. Kompyuta 20 zikihudumiwa moja baada ya nyingine zitahitaji zaidi ya saa tatu na nusu. Seva ikitangaza nakala hiyo mara moja kwa kompyuta zote, kama redio inavyowafikia wasikilizaji wengi kwa pamoja, muda hurudi karibu na zile dakika 11. Tofauti hiyo ndiyo huamua iwapo darasa lililoharibika saa nne asubuhi litaendelea kabla ya chakula cha mchana.

Hata hivyo, kuna mtego. Kila kompyuta ya Unix huwa na funguo zake za siri za huduma ya SSH, ambazo huithibitisha kwa wanaoifikia kutoka mbali. Funguo zikinakiliwa pamoja na diski, mashine 20 zitakuwa na kitambulisho kimoja, na yoyote kati yake itaweza kujifanya nyingine. Kwa hivyo, hufutwa katika nakala mama, na kila kompyuta huundiwa zake baada ya kunakiliwa. Jina na anwani ya kila kompyuta pia viwe vyake pekee, na viandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya mashine.

Ukuta wa mtandao

Mwanafunzi anayejifunza kuendesha huduma ya DHCP, inayogawa anwani kwa kompyuta, anaweza bila kukusudia kuanza kuzigawia kompyuta za ofisi ya uhasibu jirani. Wafanyakazi watapoteza intaneti bila kujua sababu. Vivyo hivyo, seva ya barua pepe iliyopangwa vibaya inaweza kugeuzwa na matapeli kuwa njia ya kusambazia barua taka.

Kinga ni kulipa darasa swichi na mtandao wake, likitumia anwani za faragha zilizotengewa kazi hiyo tangu mwaka wa 1994, kama zile zinazoanza na 192.168. Kompyuta moja tu, iliyo mikononi mwa mkufunzi, ndiyo huwa lango la kutokea nje.

Kompyuta hiyo pia yaweza kuhifadhi ghala la programu zitakazohitajika. Wanafunzi 20 wakipakua megabaiti 200 kila mmoja kutoka ng’ambo, darasa litakuwa limevuta gigabaiti 4. Ghala likiwapo, megabaiti 200 hupakuliwa mara moja, na somo huendelea hata intaneti ikikatika.

Mashine pepe

Siku hizi kompyuta moja yenye nguvu huweza kubeba kompyuta kadhaa za kufikirika, yaani mashine pepe. Faida yake ni kuwa hali ya mashine huhifadhiwa kabla ya zoezi na kurejeshwa upesi mambo yakiharibika. Lakini mashine pepe 20 zikipewa gigabaiti moja ya kumbukumbu kila moja, hiyo ni gigabaiti 20 kabla ya mahitaji ya kompyuta inayozibeba. Fauka ya hayo, masomo ya kubadilisha diski iliyokufa au kufuatilia waya uliochomoka hayana budi kufanyiwa kwenye chuma halisi.

Umeme na majaribio

Soketi ya kawaida ya Kenya, ya ampea 13 kwa volti 240, hubeba takriban wati 3,100. Kompyuta 20 na viwambo vyake, zikila wati 150 kila moja, hufikia wati 3,000. Kuziunganisha zote kwenye soketi moja ni kukaribisha moto, kwa hivyo mzigo ugawanywe. Seva na swichi zipewe betri ya dharura, kwa maana umeme ukikatika ghafla katikati ya uandishi, diski huweza kupoteza data.

Hatimaye, siku moja kabla ya darasa, mtu ambaye hakushiriki maandalizi afanye mazoezi yote tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa aliyeandaa hujaza mapengo bila kujitambua. Nywila za darasa ziwe za muda, na diski zifutwe mafunzo yakiisha.

Aliyewahi kufuta mfumo mzima darasani na kuurejesha kabla ya chai hatatetemeka seva ya hospitali itakapogoma. Aliyesomea ubaoni pekee atakosea kwa mara ya kwanza siku hiyo, na watakaolipia kosa hilo ni wagonjwa.