Uhawilishaji: maarifa yanapovuka lugha

Katika lugha ya programu ya Python, kitu cha kwanza kwenye orodha huitwa kwa namba 0. Katika Lua huitwa kwa namba 1. Msanidi programu aliyekariri kwamba "hesabu huanza sifuri" akiingia Lua hujikwaa, na pengine programu yake isilalamike, ila itoe majibu ya uongo. Aliyeelewa huuliza kwanza: hapa namba inapima nini? Katika lugha ya C inapima umbali kutoka mwanzo wa orodha ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Kitu cha kwanza hakina umbali, kwa hiyo ni 0. Katika Lua namba ni nafasi kwenye foleni, na foleni haina mtu wa sifuri.

Uwezo huu wa kutumia hapa ulichojifunza kule ulichunguzwa Marekani na Edward Thorndike na Robert Woodworth. Mwaka 1901 walieleza kwamba zoezi moja hunufaisha jingine pale tu yanapokuwa na mambo ya pamoja. Je, kwa Kiswahili tuuiteje?

Neno linalotangulia mdomoni ni "uhamishaji". Lakini anayehama hubeba kitanda kilekile, hata kama hakitapita kwenye mlango wa nyumba mpya. Hivyo ndivyo afanyavyo anayenakili mistari ya msimbo na kuibandika kwenye mradi mwingine bila kuisoma.

Neno linalofaa zaidi ni "uhawilishaji". Watanzania wanalijua kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) na uhawilishaji wa fedha kwa kaya maskini. Asili yake ni Kiarabu, na ndugu yake ni "hawala". Kwa hawala ya posta, mtu alilipa Tanga na jamaa yake akapokea Mwanza. Noti alizopokea hazikuwa zile zilizolipwa Tanga. Kilichosafiri ni thamani. Maarifa nayo huvuka hivyo: alama na amri hubaki zilikotoka, kanuni hulipwa upya kwa sarafu ya lugha nyingine.

Hata anayebaki kwenye lugha moja huhitaji uhawilishaji. Katika Python 2, kugawanya 7 kwa 2 kulitoa 3. Python 3, iliyotoka Desemba 2008, hutoa 3.5. Tarehe 1 Januari 2020 Python 2 ilipoachwa rasmi, jibu lililokaririwa lilikuwa limegeuka kosa.

Hata hivyo tusimtukane anayekariri. Hakuna hawala bila fedha iliyowekwa dirishani, na asiyekumbuka amri hata moja hana cha kuhawilisha. Kosa ni kuishia hapo. Mwalimu wa programu akitunga mtihani, asiulize tu amri inaandikwaje. Ampe mwanafunzi tatizo alilokwisha kulitatua, pamoja na mwongozo wa lugha asiyoijua, kisha atazame kama thamani imefika.