Herufi Katika Nguo: Jina la Kanga na Mkono wa Mfumaji

Historia ya maandishi ya Kiswahili husimuliwa kwa kufuata tendi, barua na vitabu. Nguo husahauliwa, ingawa katika karne ya 20 maneno ya Kiswahili yaliingia katika nyumba nyingi zisizo na kitabu hata kimoja yakiwa yamechapwa juu ya kanga.

Kanga yenyewe ilianza na sindano. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso (neno lenye asili ya Kireno) zilizoletwa zikiwa bado hazijatenganishwa. Walikata vipande sita, wakaviunga safu mbili za leso tatu tatu, wakapata vazi lenye sura mpya. Ushonaji huo wa viraka ndio uliowaonyesha wafanyabiashara kilichotakiwa, na baadaye nguo nzima ikapigwa chapa kiwandani. Mombasa jina leso halikufa.

Maneno yalifuata mwanzoni mwa karne ya 20. Sifa ya kuyaanzisha hupewa Kaderdina Hajee Essak, mwenye duka lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887, ambaye alama yake, "K.H.E. Mali ya Abdulla", ilienea pwani nzima. Sifa hiyo haina budi kupokewa kwa tahadhari. Mfanyabiashara aliagiza, lakini waliochagua ni wanunuzi, na nguo yenye jina lisilopendeza huganda dukani.

Majina ya awali yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Hati hiyo, kama ilivyozoeleka pwani, ilitumia alama tatu za irabu kwa irabu tano za Kiswahili, hata e na i zikaandikwa namna moja, na o na u vivyo hivyo. Katika utendi, vina na mfululizo wa maneno humsaidia msomaji. Katika kanga pana maneno manne au matano tu, yasiyo na yaliyotangulia wala yanayofuata. Aliyelijua fumbo tangu zamani ndiye aliyelisoma kwa wepesi. Isitoshe, wachapaji walikuwa Uholanzi, Uingereza, na baadaye India na Japani, mbali na wasemaji wa lugha yenyewe.

Herufi za Kirumi ziliposhika nafasi, zilikuja kwa umbo la herufi kubwa, zilizonyooka, zisizo na nakshi, ilhali pindo na mji vimejaa mapambo. Ubaridi huo una kazi yake. Jina huonekana kama tangazo la mtu mwingine, si sauti ya mvaaji. Mke amwambiaye mke mwenzie neno zito kwa kanga anaweza kukana kwamba amesema lolote.

Mashariki ya Kongo, kutoka Uvira hadi Fizi, Baraka na Kilembwe, Kiswahili husemwa, lakini vazi ni kitenge, ambacho kwa kawaida hakina jina, isipokuwa vile vya sherehe kama 8 Machi. Njia nyingine ya herufi kuingia nguoni ni mkono wa mfumaji. Vituo vya wanawake vya enzi ya Wabelgiji, kama kile cha Usumbura cha mwaka 1946, vilifundisha ushonaji pamoja na utunzaji wa nyumba. Katika kitambaa cha kroshia cha miraba, herufi hutokana na miraba iliyojazwa na iliyoachwa wazi: O huwa sanduku, S hupata pembe. Mfumaji hana budi kulihesabu neno kabla ya kuanza, kwani idadi ya herufi ndiyo huamua upana. Kila herufi hugharimu muda wake mwenyewe, na kwa hiyo maneno huwa machache: jina la mtu, au KARIBU.

Vita vya mwaka 1996 viliwavusha watu wengi wa Fizi ziwa Tanganyika hadi Kigoma na kambi ya Nyarugusu. Wanawake waliozoea kitenge kisicho na jina walijikuta katika nchi ambamo nguo husomwa.