Imam Shafi na Waalimu Wake

Sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi (Allah amrehemu) mara nyingi twasahau kwamba alikulia yatima. Alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria, kisha mama yake akampeleka Makka. Chuoni hawakuwa na cha kumlipa mwalimu, naye akaridhika mtoto amshikie nafasi yake kila anapotoka. Lau angemrudisha nyumbani, kama warudishwavyo wetu kwa sababu ya ada!

Alipofika Madina kwa Imam Malik, tayari ameihifadhi Muwatta. Hata hivyo, husimuliwa kuwa mbele ya shekhe wake akifunua kurasa polepole, asimsikizishe mchakacho wake. Baadaye Ahmad bin Hanbal akawa mwanafunzi wake. Na Shafi, mwalimu, akamwomba amjulishe kila Hadithi itakayosihi kwake.