Dawa ya Zambarau: Tarehe ya Rangi Iliyogeuka Tiba

Katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa, nchi ya Wamwera na majirani zao, ni wachache miongoni mwa watu wazima wasiowahi kumwona mtoto akirejea kutoka zahanati, kichwa chenye mapunye au kinywa chenye utando kimepakwa zambarau iliyokoza, isiyoondoka upesi kwa maji wala sabuni, ambayo watu wameizoea kwa jina la jivii.

Asili yake ni ya ajabu. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza, William Perkin, akitafuta jijini London namna ya kuunda kwinini, dawa ya malaria, aliambulia rangi ya zambarau ya kutilia nguo; na ukoo wa rangi hizo ulipokua, Jakob Stilling, tabibu wa macho wa Strasbourg, alitangaza mwaka 1890 kwamba baadhi yake huangamiza vijidudu vya usaha, naye Mmarekani John Churchman akabainisha mwaka 1912 kwamba jivii huzuia bakteria wa namna fulani na kuwaacha wengine.

Nachingwea yenyewe ilivuma kwa jambo kubwa zaidi: mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947, ambao kwa ajili yake pori lilifyekwa kwa matrekta na reli ikajengwa kutoka pwani, walakini ardhi na mvua havikutii hesabu za London, mradi ukavunjika mwaka 1951, na reli ikafungwa miaka ya 1960. Kinyume cha mradi huo, dawa ya rangi haikudai barafu, mtambo wala fedha nyingi. Alitosha dresa ajuaye kusafisha ngozi na kushika kijiti chenye pamba, na rangi yenyewe ikawa shahidi kwa mzazi na mwalimu kwamba mtoto ametibiwa.

Hata hivyo shukrani isitufumbe macho. Ikipakwa juu ya kidonda kibichi huweza kuiachia ngozi alama ya kudumu. Na mwaka 2019 serikali ya Kanada, kwa kuzingatia majaribio ya wanyama yaliyoonyesha hatari ya saratani, iliwaonya raia wake wasiitumie. Basi, ndugu msomaji, tuiheshimu kwa fadhila zake, lakini mtu asijipake kwa mazoea, wala mama asimpake mtoto mchanga kinywani, kabla ya kumuuliza tabibu.